Kiti cha Pembeni ya Dereva

Machi 2

Leo mume wangu ameleta mke wa pili. Ni wa kijani, ana magurudumu sita, na amekuja akivutwa na lori jingine kwa sababu hawezi kutembea mwenyewe. Jeshi lilimchoka likampeleka mnadani, na huko mnadani hakuna mwanamume mwingine aliyemtaka. Huyu wangu akamzunguka, akalala chini yake, akatoka na vumbi mgongoni na kusema, "Ana chasi nzuri." Miaka yote ya ndoa sijawahi kusikia sifa kama hiyo ikielekezwa kwangu.

Nimemwuliza atamweka wapi. "Uani." Na kamba zangu za nguo? "Tutazisogeza." Zimesogezwa. Lori limeegeshwa ubavu mmoja ukigusa ukuta, hata paka anapita kwa kukaza tumbo.

Machi 3

Naandika kwa sababu aliyekuwa akinisikiliza amehama. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ameolewa mbali. Nikisema mbali nina maana ya kuvuka mipaka na kupita nchi ambayo mchora ramani ameiachia rangi ya mchanga, akaenda zake. Alipokuwa hapa alikuwa mkalimani wetu mezani. Mimi nasema jambo kwa kulipindua, baba yake analipokea lilivyo, yeye anacheka na kusema, "Baba, mama anatania." Baba yake husimamisha kijiko, hufikiri, kisha tabasamu huja taratibu. Ni mtu wa dizeli: huwezi kumwasha papo hapo, lazima apashwe moto kwanza. Tangu binti aondoke, kuna mizaha yangu ya mwaka jana ambayo nadhani bado iko njiani.

Sasa binti ana mimba. Mvua zikiisha na barabara ikikauka, baba yake anataka kwenda kumwona mjukuu kwa lori hili, akiwa amelijengea chumba cha kulala mgongoni. Mtaa mzima unamwita Dereva. Aliendesha malori ya watu tangu ujana wetu mpaka walipompa saa ya ukutani na kumshika mkono. Miaka yote hiyo alikwenda akarudi, nami nilibaki na cherehani yangu nikitia vifungo mashati ya wenzangu. Kampuni ilikataza abiria, na yeye ni mtu wa kutii kibao. Sasa lori ni lake na kibao hakuna.

Basi nangoja neno moja: twende. Sitaliomba. Mtu hujialika msibani, hajialiki safarini.

Machi 7

Mvua ya kwanza. Kabini inavuja kupitia lile tundu la paa ambamo askari alikuwa akisimama na bunduki. Nimemwambia Dereva asilizibe, nitalitumia kuanikia nguo. Ameniangalia, kisha akaenda kupima tundu kwa utepe.

Machi 8

Kigoda changu cha jikoni hakionekani. Ndicho ninachokanyagia nikitaka kufikia rafu ya juu, maana goti langu la kushoto lilistaafu kabla ya mume wangu.

Machi 9

Kigoda kimerudi, kina alama ya chaki mguuni. Nimeuliza. Dereva kasema, "Nilikuwa nakipima." Wanaume wengine wakistaafu hucheza bao.

Machi 14

Fundi wa kuchomelea ameanza kazi. Anaitwa Cheche, na nyusi zake zimeungua mara nyingi hata sasa zinaota kwa tahadhari. Ananiita shemeji, anakula kwangu mchana, na anaamini hakuna tatizo duniani lisilochomeleka.

Leo wameshinda wakitafuta taa. Kumbe swichi ya taa ya lori la jeshi ina ulimi wa pili wa kuifungia, na ukishaifungua huwasha kwanza vitaa vidogo vya kujificha, visivyoonekana na adui wala na mtu mwingine yeyote. Wao walidhani nyaya zimekufa, wakafungua dashibodi nzima. Nimepita na chai nikasema, "Limezoea kujificha, maskini. Liambieni vita vimekwisha."

Cheche kacheka mpaka kavua miwani. Dereva kasema, "Haliwezi kusikia."

Machi 17

Asubuhi, Dereva akipiga mswaki, kacheka peke yake. "Vita vimekwisha," kasema, na povu likamwagika kwenye shati.

Machi 24

Mvua mfululizo. Nilikuwa nashona, akaingia na vipande viwili vya sponji, akaviweka mezani kwangu juu ya shati la mtu.

"Kiti cha pembeni," kasema. "Ngumu au laini?"

Basi ndilo hilo, neno lenyewe. Nililitambua palepale, na mguu wangu ukateleza kwenye pedali ya cherehani. Mwanamume mwingine angesema, mke wangu, nataka twende wote. Huyu analeta sponji. Na ningejibu tu laini, mambo yangeishia hapo kwa heri. Lakini mtu akingoja mwaliko tangu ujana, ukija unanuka grisi anataka uoshwe kidogo. Nilitaka aniombe. Si sana, mara moja tu, kwa maneno.

Nikasema, "Mimi nipande jeneza hilo la kijani? Siku mkiniona ndani, fungeni mlango mnizike humohumo."

Akabonyeza sponji moja kwa kidole, akaiangalia ikirudi taratibu. "Sawa," kasema. Akachukua sponji zake akatoka.

Si neno. Kwa kawaida yake cheko litafika Ijumaa.

Machi 28

Ijumaa imepita. Cheko halijafika.

Machi 30

Lori limewaka! Moshi wake mweusi umeingia hadi kabatini kwangu. Dereva kasimama uani kwenye mvua, kafumba macho, anasikiliza injini kama mtu anayesikiliza mtoto akisoma darasani. Kisha wamelipeleka kwa Cheche kulifungia chumba mgongoni, cha bati nene, kilichokuwa cha mafundi wa redio wa jeshi.

Nimebaki na ua mtupu. Nimeanika nguo zote, hata zilizokuwa kavu.

Aprili 4

Limerudi, likaegeshwa palepale ukutani. Lina chumba chenye madirisha mawili na mlango nyuma. Cheche kakichomelea moja kwa moja kwenye chasi, mshono mnene kama kidole gumba. "Shemeji, hiki hata kiyama kikija kitabaki hapo," kasema.

Nimeanza kushona mto wa kiti cha pembeni kwa turubai zito, mshono mara mbili. Kama ataniuliza, nitasema ni wa kuegemezea mlango. Hajauliza.

Aprili 9

Leo nina mengi, na laiti ningekuwa na machache.

Asubuhi mvua ilipumzika. Nilipanda nyuma ya lori kupima mapazia, nikavuta mlango ili upepo usinichezee kitambaa. Nilikuwa nimebana pini midomoni kama kawaida ya washonaji. Hawakujua kama nimo. Nikahisi sakafu inapanda upande mmoja. Walikuwa wanajaribu lori: gurudumu moja la nyuma wamelipandisha kwa jeki juu ya rundo la mawe, waone litakavyosimama barabarani penye mashimo. Bati likalia. Nikaenda mlangoni nitoke. Mlango haukuja. Nikasukuma kwa bega, haukuja. Chasi ilikuwa imejipinda, na chumba, kwa kuwa kimechomelewa nayo, kikapinda vilevile, fremu ikaung'ata mlango kama mbwa na mfupa.

Nilitaka kugonga, nikasikia Cheche chini ya dirisha.

"Sasa huko njiani utakuwa unaongea na nani, Dereva?"

"Na injini."

"Acha utani. Shemeji haendi?"

Mume wangu aliacha kufunga nati. Nilisikia spana ikiwekwa chini.

"Hataki," kasema. "Miaka yote nilimwacha nyumbani kwa ajili ya kile kibao cha kampuni. Kuna bonde moja kule, ukilifikia asubuhi ukungu unapanda toka chini kama maziwa yanayochemka. Kila nilipopita nilizima injini. Nikawa najiambia, iko siku huyu mama atakaa hapa pembeni auone. Sasa siku imefika, mwenyewe hataki."

"Si umwambie hivyohivyo!"

"Nilimwuliza. Kasema hapana. Mtu akishasema hapana, utamburuta?"

"Ulimwuliza vipi?"

"Nilimwuliza sponji."

"Ulimwuliza nini?"

"Kama anataka ngumu au laini."

Cheche akacheka, halafu akaligeuza cheko kuwa kikohozi, nadhani kwa kuona uso wa mwenzake.

Nami nilikuwa ndani, hatua chache kutoka masikioni mwao. Nilitoa pini midomoni moja moja, nikazichomeka kwenye pazia. Nikawa sina kisingizio tena. Ningeita kwa dirishani: nataka, baba, nataka kuliona bonde lako. Midomo ilikuwa tupu, na maneno yalikuwepo. Yalikaa tu mahali fulani kati ya koo na meno, yakisukumana nani atangulie.

Nikagonga bati kwa ngumi.

Wakaruka wote wawili. Jeki ikashushwa, bati likalia tena, mlango ukafunguka wenyewe kama ambao haujawahi kukataa. Dereva alikuwa amesimama pale, mikono myeusi kwa oili, ananiangalia kwa hofu. "Umeumia?" Kisha, polepole: "Ulikuwemo tangu lini?"

Hapo ndipo. Kama kuna mahali ningerudi, ni hapo, kwenye kile kizingiti cha bati. Badala yake nikakung'uta gauni nikasema, "Tangu zamani za kutosha. Nimeshasafiri, asanteni, nimeshatosheka."

Cheche kacheka, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Dereva kaitika kwa kichwa.

"Nimeelewa," kasema.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndivyo walivyosema wahenga. Hawakusema unamtumbukia nani.

Aprili 10

Mvua. Dereva amelipeleka lori kwa Cheche, wakate alichokichomelea.

Aprili 15

Cheche ameudhika. Amekula bila kusifu chakula. "Shemeji, mshono wangu ule! Mtu anaukata kama ndizi!"

Dereva kamweleza kwa upole, nami nikisikiliza huku naosha vyombo. Chasi ya lori la jeshi imeundwa ijipinde, kila gurudumu lishike ardhi yake. Ukiibana na kitu kigumu, kitapasuka kimoja kati ya viwili. Kwa hiyo chumba sasa kitashikwa sehemu mbili nyuma, na mbele sehemu moja tu katikati, kwa pini nene, ili chasi ikipinda chumba kibaki wima. "Huyu angekuwa ndani barabarani, lori limeinama, mlango hautoki," kasema, na "huyu" alikuwa mimi. "Mlango unaofunguka kwenye tambarare tu si mlango."

Mtu mwenye akili zote hizo za bati!

Aprili 18

Lori limerudi. Nimechungulia kabini kwa upande wa usukani, mto wangu wa turubai mkononi, umekamilika hadi kona. Pembeni ya kiti cha dereva hapana kiti. Pana tangi la maji, la bati, limefungwa kwa bolti nne.

"Kwa kuwa niko peke yangu," kasema Dereva, "nimepata nafasi ya maji zaidi. Kule kwenye mchanga yatafaa." Alionekana ameridhika na hesabu yake. Kisha akauona mto. "Wa nini huo?"

"Wa kuegemezea mlango," nikasema.

Kauchukua, kaubonyeza kwa kidole. "Laini," kasema, kanirudishia.

Aprili 19

Hakuna jambo.

Aprili 22

Nilipeleka shati la mteja nikapitia karakana ya Cheche. Kiti cha pembeni kilichong'olewa kiko pale, nje, chini ya paa. Cheche hukikalia akila. "Shemeji, karibu ukae, ni kizuri!" Nikakaa. Ni kizuri kweli. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa mabati na tairi lililochakaa, na nikalitazama tairi lile kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Shemeji," kasema Cheche, sauti ya chini, "nimwambie?"

"Umwambie nini?"

"Kwani mimi kipofu?"

"Ukifungua mdomo, chakula changu utakisikia harufu tu."

Kanyamaza. Ni mtu mwaminifu, hasa kwa tumbo lake.

Aprili 29

Mvua zinapungua. Nimepiga moyo konde. Dereva alikuwa chini ya lori anabadilisha chujio la dizeli, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikaona ni rahisi zaidi kuongea na miguu.

"Lile tangi," nikasema. "Linaweza kutoka?"

"Linaweza."

"Na kiti kikarudi?"

Miguu ikatulia. "Kinaweza. Kazi ya kama siku mbili. Cha nani?"

Naapa nilifungua mdomo. Lakini lile "cha nani" alilisema kifundi, kama anayeuliza tairi la nani, nami nikaona aibu, mtu mzima niliyeliita lori jeneza, kusema changu mbele ya viatu.

"Nauliza tu," nikasema.

"Aa." Spana ikaendelea.

Mei 3

Nimeshona kizibo cha turubai cha lile tundu la paa, chenye mpira pembeni. Nimekimwagia ndoo nzima ya maji. Hakivuji. Walau kuna kitu changu kitakachoiona barabara.

Mei 8

Binti amejifungua. Msichana. Dereva kakaa kitini akasema "Msichana" mara nyingi, kisha akaenda kuongeza upepo kwenye matairi yote, hata yasiyohitaji.

Mei 9

Jua.

Mei 12

Ameondoka asubuhi. Alikuwa amekunja blanketi lake moja, kikombe kimoja, sahani moja. Wakati wa kukagua lori kwa mara ya mwisho nilimfuata nyuma nikishika taulo, nisijue taulo la nini.

"Hutachoka na ukimya?" aliniuliza.

"Nitapata mume mwingine mchana."

Kaitika kwa kichwa, kama anayeliweka pamoja na mengine ya kufikiria baadaye. Kisha kanishika bega, kapanda. Cheche alifungua lango. Lori likanguruma, likajivuta kutoka ukutani, na lilipokata kona kuingia barabarani nikauona kwa mara ya kwanza ubavu wake wa pili.

Pale chini ya mlango wa pembeni pana vidato. Upande wa usukani havipo. Yeye hujirusha kwa mkono. Upande ule pana vidato vya bati, vipana, vimekunjwa vizuri, kila kimoja kimo cha kigoda changu. Mshikio wa kupandia umezungushiwa mpira ili usitelezeshe mkono. Goti bovu lingepanda pale bila hata kumwambia mwenye nalo.

Chaki ile ilikuwa ya Machi, kabla ya sponji, kabla ya kila neno.

Nikainua mkono na taulo. Akadhani naaga, akapiga honi.

Mei 13

Nguo zimerudi kamba zake za zamani. Ua ni mpana mno.

Mei 16

Binti kapiga simu. Nimemwambia yote, bila kupindua hata sentensi moja, na ilikuwa kama kutembea na viatu vya mtu. Kalia kidogo, kakasirika kidogo. "Mama, nikutumie tiketi ya ndege?" Nikamwambia ndege haina ninachokitaka. "Basi nimwambie baba." Nikamwambia asithubutu, hili nitalisema mwenyewe akipiga. "Sawa, ila kuna jambo nitamwambia," kasema, "lazima ajifunze kukuelewa. Mimi sipo tena mezani."

Mei 19

Amepiga simu. Nilisikia upepo, lakini sikusikia injini.

"Niko kwenye bonde," kasema. "Lile moja. Nimezima."

"Ukungu upo?"

"Upo." Kisha sauti yake ikachangamka kwa namna nisiyoijua. "Binti kaniambia kitu. Kasema, baba, mama akisema jambo usilichukue lilivyo, mengi ni mzaha, wewe cheka kwanza. Barabara ni ndefu, nimekuwa nayapitia yote. Lile la jeneza la kijani! Jana nilicheka mpaka nikasimamisha lori. Jeneza la kijani!"

Cheko limefika. Nikakaa kwenye kigoda, juu ya ule mto wa turubai. Nikajiambia, sasa. Mlango umefunguka, toka.

"Baba," nikasema. "Nilitaka kuja nawe. Nilitaka sana. Ningechagua sponji laini."

Upepo ukapita. Halafu akacheka. Hakupashwa moto, hakusimamisha kijiko. Alicheka palepale, kifua kizima, mpaka nikasikia mwangwi wake ukienda upande wa pili wa bonde na kurudi.

"Nimekupata!" kasema. "Sponji laini! Leo nimekupata papo hapo, mke wangu, hata binti hajanisaidia!"

Alikuwa na furaha kama ya siku lori lilipowaka. Ningeweza kumwambia hapana, sikiliza. Nikacheka naye. Nilicheka vizuri, sijidharau katika hilo. Akaniambia mbele kuanzia hapo ni mchanga, mtandao hautakuwepo mpaka ng'ambo, nisiwe na wasiwasi, maji anayo ya kutosha. Akawasha injini.

Namjua mume wangu. Leo ni Jumanne. Neno langu litamfikia Ijumaa, akiwa katikati ya mchanga, mkono kwenye gia, tangi la maji likitikisika pembeni yake.